Simu ya Chumba Arobaini na Moja

Katika afisi moja ya serikali katikati ya jiji, yenye ghorofa sita na lifti iliyokufa, hakuna aliyepita mbele ya chumba arobaini na moja bila kuharakisha mwendo. Kilikuwa ghorofa ya nne, mwisho kabisa wa korido, mlango wa kijani uliotiwa kufuli tangu mzee Wachira alipofariki. Ndani mlikuwa na simu, na simu hiyo ililia. Haikulia kila siku. Ililia ilipotaka, mara nyingi asubuhi, ikalia mpaka ikachoka, ikatulia, kisha ikaanza upya, kama mtu anayebisha hodi akijua fika kwamba mwenyeji yumo.

Joash, mzee aliyesafisha ghorofa hiyo, alikuwa hapigi deki nje ya mlango ule kabla ya kuitaja damu ya Yesu. Wengine walifanya mzaha. Walisema Wachira alikuwa mtu wa kazi mno, kifo kisingemzuia kufika afisini, na sasa wafu wenzake wanampigia kuuliza faili zao zimefika wapi. Kilikuwa kicheko cha watu wasiotaka kubaki peke yao mahali.

Lornah Nasimiyu aliusikia mzaha huo tu kwenye chai ya saa nne, bila nambari ya chumba wala habari za kufuli, vidole vyake vimekizunguka kikombe. Hakucheka. Wachira alikuwa rafiki yake, naye hakupenda marehemu asumbuliwe. Lakini tangu siku hiyo alianza kuisikia simu ile kwa mawazo, huko juu kabisa ya kichwa chake, maana yeye alikaa chini ya ngazi zenyewe. Alikuwa opereta wa afisi. Kichumba chake hakikuwa na dirisha. Aliyekigawa aliona hakuna haja ya kumpa dirisha mtu asiyeona.

Alizaliwa karibu na Webuye. Surua ilimnyang'anya macho akiwa na miaka minne, kabla hajajua kwamba rangi zina majina. Babake alitaka abaki nyumbani apukuchue mahindi. Mamake hakubishana naye. Alisubiri siku ya soko, akamshika mtoto mkono, akampeleka shule ya wasioona na sanduku la bati na kuku wa kumpa mwalimu mkuu. Enzi hizo asiyeona aliyesoma aliajiriwa serikalini kuwa mwalimu au opereta, na Nasimiyu hakuwa na subira ya watoto wa wenyewe. Sasa alikuwa amekalia kiti hicho kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo aliolewa, akafiwa na mume, akamsomesha binti yake Nekesa, akajenga kwao nyumba ya matofali ambayo hakupata kuiona ila kwa viganja.

Kazi yake aliijua. Aliwatambua watu kwa pumzi kabla hawajasema haloo. Nambari zote za ndani alikuwa nazo kichwani, na kichwa kilipochoka, zilikuwa kwenye karatasi ngumu za nukta za breli alizozitoboa mwenyewe huku Wachira akimsomea. Maana Wachira, aliyeshika dawati la watu wenye ulemavu katika chumba arobaini na moja, alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa alasiri aliteremka na nyaraka zote za wiki, akaketi kwenye kigoda, akamsomea. "Huu ni upuzi, Mama Nekesa," alikuwa akisema, "lakini ni upuzi wenye mhuri, kwa hivyo sikiliza."

Alipokufa, nyaraka ziliendelea kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kando ya ngazi, zikiwa na kichwa kile kile: Kwa Wafanyakazi Wote. Kila asubuhi Nasimiyu alipita hapo na fimbo yake nyeupe, bega lake likazigusa karatasi, zikachakarika. Hakuna aliyemsomea. Naye hakuomba. Baada ya miaka ishirini na sita aliona aibu kuomba kwa kijana wa jana.

Mwalimu wake wa simu alikuwa amemfunza jambo moja ambalo hakuliacha: mtu akipiga na asijibiwe, mwandike, kwa sababu hiyo ni deni la afisi. Basi Nasimiyu alikuwa na daftari lake. Jina, tarehe, nambari aliyoitaka na, kama mtu aliiacha, nambari yake mwenyewe. Lilikuwa nene kama mkate. Katika jengo zima hakuna aliyeweza kulisoma.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, saa tatu na nusu, mwanamume wa Parklands alipiga akitaka dawati la watu wenye ulemavu. Nasimiyu alisema alivyosema siku zote, kwa ile sauti yake laini ya kazi, "Subiri nikuunganishe," akabonyeza nne na moja. Alijiandaa kwa ule mlio mrefu usiojibiwa. Dawati hilo sasa lilikuwa la Shiko, msichana aliyemrithi Wachira, na Nasimiyu alikuwa amekwisha kumhukumu moyoni: kijana mzuri wa kusalimia kwenye ngazi, lakini mvivu wa kushika simu.

Mara mkonga ukanyanyuliwa. Alisikia pumzi nzito.

"Kwa jina la Yesu," sauti ilisema, "wewe ni nani?"

"Ni mimi, Nasimiyu. Joash? Unafanya nini kwa Shiko?"

Joash alikuwa ndani ya chumba arobaini na moja. Alikuwa ameagizwa avunje kufuli, chumba kiwe stoo ya kompyuta kuukuu, na simu ilikuwa imeanza kulia mkono wake ukiwa bado kwenye mlango. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hapa hakuna Shiko. Hapa kuna vumbi tu. Mama Nekesa, ni wewe ndio umekuwa ukipiga hapa siku hizi zote?"

Yule mwanamume wa Parklands alikuwa bado anasubiri kwenye laini. Kisha akakata.

Joash aliteremka, akasimama mbele ya ubao wa matangazo, akaanza kubandua. Chini ya tangazo la harambee, na chini ya tangazo la kiwanja kinachouzwa, aliupata waraka, karatasi imegeuka manjano kingoni. Alimsomea pale pale kwenye ngazi. Kwa wafanyakazi wote. Dawati la watu wenye ulemavu limehamia ghorofa ya tano, chumba hamsini na saba, kuanzia tarehe nne Machi. Machi ya mwaka uliopita. Miezi kumi na minne.

Watu walipita wakishuka na kupanda, wakamsalimu. Nasimiyu aliitikia. Alirudi kichumbani, akafunga mlango, akalifungua daftari na kulipitisha chini ya vidole, ukurasa baada ya ukurasa. Arobaini na moja, hakujibiwa. Arobaini na moja, hakujibiwa. Watu arobaini na watatu, na kati yao wengine walipiga mara tano, mara saba. Mzuka wa ghorofa ya nne ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Jina moja lilirudi mara kumi na moja. Waringa, Satellite. Alimkumbuka. Sauti changa iliyokohoa kidogo kabla ya kusalimia, na nyuma yake mashine ya kufuma sweta ikienda kra, kra, na bata mzinga wa jirani akipiga kelele zake za kipuzi. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na alikuwa amechaguliwa kwenda kuhojiwa kwa kazi ya kupokea wageni katika afisi moja ya kaunti. Alitakiwa kufika na barua ya dawati hilo kabla ya mwisho wa Novemba. Kwa kuwa lifti ilikuwa imekufa, utaratibu ulikuwa apige simu kwanza, afisa amteremkie. Kwa hiyo akapiga. Agosti, Septemba, Oktoba.

Mara ya mwisho hakukuwa na mashine wala bata. Kulikuwa na mvua, na mwangwi wa ukuta. "Mama, leo nimekuja. Niko hapa chini kwa ngazi. Waambie mtu ateremke." Naye Nasimiyu alisema, "Subiri nikuunganishe." Simu ililia ghorofa ya nne, ndani ya chumba kilichofungwa, mpaka ikakatika. Alikuwa ametoboa nukta zake, akala chakula chake cha mchana. Sasa ndipo fikira ikamjia, ikakaa, ikakataa kuondoka: mwangwi ule ulikuwa wa ngazi zilizo juu ya kichwa chake. Msichana yule alikuwa ameketi nje ya mlango wake.

Kesho yake alipanda hadi kwa Muigai, afisa mkuu wa utawala, akamweleza. Muigai alikuwa mtu mpole wa umri wa Nekesa. Alimvutia kiti, akaagiza chai. Kisha akamweleza na yeye. Katika miezi kumi na minne, dawati lile lilikuwa limehudumia watu tisa tu. Alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba wananchi wenye ulemavu hawalihitaji, na ombi la kutengeneza lifti likarudishwa kwa sababu hiyo hiyo. Jumatatu wakubwa wangekuja kutoka makao makuu kutia sahihi lifungwe.

"Mathe, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini ukiwaambia ni maneno ya simu, watauliza nani alikuwa kwa simu. Mashine mpya ya kujijibu yenyewe iko kwa boksi hapo nyuma yako. Hiyo haihitaji kusomewa memo. Wewe umebakisha miaka ngapi?"

"Minne."

"Basi. Wacha hii kitu ilale."

Haikulala. Nyumbani kwake Kangemi, birika lilipoanza kuimba kwenye jiko, Nasimiyu aliinuka kwenda kushika simu. Kengele ya baiskeli ya muuza maziwa ilimshtua. Kanisani, kwenye kimya cha kabla ya sala, aliisikia ikilia mbali, juu, nyuma ya mlango, naye akajikuta akihesabu milio. Alipiga nambari ya Waringa kwa simu yake ya mkononi mara tatu. Mteja hakupatikana.

Jumamosi alimwomba Joash amsindikize hadi mtaa wa Satellite. Huko waliulizia msichana wa kiti cha magurudumu anayefuma sweta, wakaelekezwa nyuma ya duka la dawa za mifugo. Kabla hawajafika Nasimiyu alisimama ghafla, mkono kwenye kiwiko cha Joash. Bata mzinga. Kisha, chini yake, kra, kra.

Mlangoni mama mmoja aliyekuja kuulizia sweta za shule za wanawe alikuwa akilalamika kwamba ameahidiwa tangu wiki iliyopita. Nyakio, mamake Waringa, alimjibu kutoka jikoni, bila hasira, kama mtu anayetaja methali ya nyumbani kwao: "Subiri nikuunganishe."

Wote wakacheka, hata mwenye sweta. Nasimiyu aliyatambua maneno yake mwenyewe, akasogea mlangoni.

"Samahani," alisema. "Natafuta Waringa."

Mashine ikanyamaza.

"Mum, njoo usikie," Waringa alisema polepole. "Ni yeye. Ni ile sauti."

Walimkaribisha kwa sababu alikuwa mgeni na hakuwa na macho, na huwezi kumfungia mtu kama huyo mlango. Nasimiyu alieleza yote: kufuli, waraka, karatasi zake za nambari ambazo hakuna aliyezibadilisha, daftari la wasiojibiwa. Hakujitetea. Alisema pia kwamba angeweza kuuliza mapema, na kwamba alikuwa amemhukumu Shiko badala ya kuuliza. Nyakio aliguna mara kwa mara. Waringa hakuguna.

"Mimi nilijua unanichezea," alisema mwishowe. "Hiyo siku ya mvua nilikaa hapo chini kutoka saa tatu mpaka saa nane. Watu walikuwa wananiruka kama ndoo. Nikasema, huyu mama anajua niko hapa. Ako na sauti nzuri hivyo, na anajua."

"Sikujua."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kazi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Simu yake Waringa aliiuza Desemba. Akauliza kama ni kweli kuna kitabu, na kama jina lake limo. Nasimiyu alitoa daftari mkobani, akamsomea kwa kidole: Jumanne tarehe nane Agosti, Waringa, hakujibiwa. Jumatano tarehe ishirini na tatu Agosti, Waringa, hakujibiwa. Alizisoma zote kumi na moja. Waringa alisogeza kiti chake karibu, akaugusa ukurasa, akatafuta mahali penye jina lake.

"Watu waliniambia sikujaribu sana," alisema. "Hata Mum."

Nyakio akasema sufuria inaungua, akatoka.

Nasimiyu alimwambia kuhusu Jumatatu, akamwambia na alichoambiwa na Muigai. Waringa alisema yeye pale harudi tena, hata kwa dawa. Walipokuwa wakiondoka, mashine ikiwa imeanza tena, alimwita nyuma. "Ukienda kusoma hizo majina, usiseme sikufika. Sema nilifika."

Jumatatu wakubwa walikuja, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wakapanda kwa miguu hadi ghorofa ya sita wakipumua na kutania lifti. Nasimiyu alizisikia nyayo zao zikipita juu yake. Alikuwa ameamka na neno tayari na sasa neno lilikuwa limemkaukia. Miaka minne ya kungoja pensheni. Mashine kwenye boksi. Daftari lilikuwa mapajani pake, zito kama mtoto aliyelala.

Saa nne simu iliita. Alisikia kikohozi kidogo kabla ya salamu, na nyuma yake mwangwi wa ukuta.

"Niko hapa chini," Waringa alisema. "Nimeazima simu ya askari wa lango."

Ulimi wa Nasimiyu ulikwisha kuanza lile neno lake la miaka ishirini na sita. Aliuuma. Akavua visikilizi masikioni, akafungua mlango, akatoka bila fimbo, akihesabu. Hatua kumi na saba. Kwenye hatua ya kumi na saba mkono wake ulikutana na gurudumu baridi, lenye matope.

"Ni hapa tu?" Waringa aliuliza.

"Ni hapa tu," alisema Nasimiyu.

Alirudi kwenye mtambo, akaacha mlango wazi. Alipiga chumba cha mikutano, akasema mteja wa dawati la watu wenye ulemavu yuko kwenye ngazi, naye anaomba wateremke. Muigai alisema kwa sauti ya chini kwamba Shiko atashuka mkutano ukiisha, akakata. Basi Nasimiyu akaanza mwanzo. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Alipiga kila chumba cha jengo lile, kimoja baada ya kingine, na kila alipojibiwa alisema maneno yale yale, akaenda kwa kingine. Alipofika arobaini na moja aliipiga nayo. Ilikuwa imesahauliwa kati ya kompyuta kuukuu, bado imechomekwa. Ililia, na ghorofa ya nne yote ikatoka nje ya milango.

Nyayo zilianza kushuka. Mwanzo wachache, kwa udadisi, kisha wengi, kisha viatu vya wale wageni, taratibu, na vya Muigai nyuma yao. Wakajaa kwenye ngazi. Nasimiyu alisimama kando ya kiti cha Waringa na kuwaambia kwamba ni yeye aliyekuwa akiipigia simu ile, na sababu yake, na waraka ulikokuwa. Kisha akafungua daftari.

Alisoma majina kama mwalimu anavyoita sajili, akinyamaza kidogo baada ya kila jina. Odhiambo, Dagoretti. Kimya. Makau, Kawangware. Kimya. Wangeci, amempigia mamake aliyepooza, Uthiru. Kimya. Mtu mmoja juu ya ngazi alianza kulia kwa kujizuia. Baadaye ilisemekana ni Shiko. Majina yalikuwa arobaini na matatu, na Nasimiyu hakuruka hata moja. Alipofika karibu na mwisho, alisoma, "Waringa, Satellite."

"Niko," alisema Waringa.

Sahihi hazikutiwa siku hiyo. Mmoja wa wale wanawake aliliomba daftari, Nasimiyu akakataa kulitoa, akasema atalisoma mara nyingi kadiri watakavyo. Mwezi wa Julai dawati liliteremshwa ghorofa ya chini, ng'ambo ya ngazi, na Shiko akawa anamsomea nyaraka kila Ijumaa, vibaya, kwa haraka, bila mizaha. Lifti bado imekufa. Mashine bado iko kwenye boksi, na Muigai hajasema itakaa humo hadi lini. Waringa alipewa barua yake, yenye mhuri, ya kazi iliyokwisha kupata mtu mwingine, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua zake nyingine.

Chumba arobaini na moja hakilii tena. Joash hupiga deki mbele yake akiimba.

Lakini kila siku baada ya chai ya saa nne, Nasimiyu hufungua daftari na kupigia mtu mmoja. Nambari nyingine hazitumiki. Nyingine hushikwa na watu wasiojua jina hilo. Mara moja alijibiwa na mtu aliyemwambia, kwa adabu, kwamba huyo wamemzika Februari, na kuuliza yeye alikuwa nani wake.

Leo ni zamu ya Makau wa Kawangware. Simu inalia kwake, mbali, katika nyumba ambayo Nasimiyu hawezi kuiona. Inalia, inalia. Yeye amekaa chini ya ngazi, mkonga sikioni, anahesabu milio, anangoja anyanyue mtu.